Picha ya Filamu na Picha ya Simu: Ipi Iliyo Kweli?

Katika mambo yaliyorudi kuzungumzwa sana siku hizi baina ya wapenzi wa picha, ni kule kuziacha kamera za dijitali na kuzirudia za filamu, zile walizokuwa nazo baba zetu. Jambo hili limeenea duniani hata mwezi wa Juni 2024 kampuni ya Ricoh ya Japani ikatoa kamera mpya kabisa ya filamu, iitwayo Pentax 17, baada ya miaka mingi ambayo watu walidhani kazi hiyo imekwisha zikwa. Na ukiwauliza vijana sababu ya kurudi nyuma, jawabu yao aghlabu huwa moja: filamu ni kweli, dijitali ni uwongo.

Neno hili ni tamu, na wazee hulipokea kwa furaha kwa kuwa linausifu wakati wao. Lakini utamu wa neno si dalili ya usahihi wake. Basi, ndugu msomaji, na tulipime kwa insafu. Picha leo si mchezo wa watoto. Inatolewa kortini kuwa ushahidi, inavunja ndoa za watu, na kila ifikapo mwisho wa Shaabani hakosekani mtu wa kutoa simu mfukoni kuwaonyesha wenziwe kuwa mwezi umeandama.

Asili ya kamera zote mbili ni moja, na Waislamu wana haki ya kuitaja. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufa Cairo karibu na mwaka 1040, alieleza jinsi mwanga unavyokwenda kwa mstari ulionyooka, na vipi umbo la jua lililopatwa huonekana ukutani likipenya tundu dogo na kuingia mahali penye giza. Kamera yoyote uijuayo ni chumba hicho cha giza kilichofanywa kidogo. (Kuna wanaosema kuwa hata neno lenyewe, kamera, ni la Kiarabu. Si kweli, ni la Kilatini, na maana yake ni chumba. Hatuna haja ya kumvika mwanachuoni huyu kanzu isiyokuwa yake, aliyoyafanya yanamtosha.)

Tofauti iko katika ukuta unaoupokea mwanga. Ukuta wa filamu umepakwa chumvi za madini ya fedha. Mwanga ukiziangukia hugeuka, na zikisha kusafishwa kwa dawa hazirudi tena kuwa zilivyokuwa. Kinachopatikana ni negativu, kitu cha kushikwa mkononi, ambacho cheupe ndani yake ni cheusi na cheusi ni cheupe. Ama ukuta wa dijitali ni kijisahani cha silikoni chenye vitone mamilioni, na kila kitone huuhesabu mwanga uliokifikia kikatoa namba. Tena kila kitone hutazama rangi moja tu: nusu yao kijani, robo nyekundu, robo buluu. Mpango huu ni wa Bryce Bayer, aliyekuwa mtumishi wa Kodak, na hati yake ni ya mwaka 1976. Zile rangi mbili ambazo kitone hakikuziona, kompyuta iliyo ndani ya kamera huzikisia kwa kuwatazama majirani zake. Kwa hiyo vijana wakisema dijitali inakisia, hapo hawakukosea: katika kila namba tatu za rangi, mbili ni za kukisia.

Na ajabu ni kuwa mambo haya yalizaliwa nyumbani mwa filamu yenyewe. Mwaka 1975 kijana mmoja wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya dijitali yenye vitone 10,000 tu, iliyochukua sekunde 23 kuiandika picha moja juu ya mkanda wa kaseti. Wakubwa wake hawakuona haja ya kuihimiza, kwani tajiri wao alikuwa ni filamu. Mwezi wa Januari 2012 Kodak ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya muflisi.

Kabla hatujaendelea, kuna suala la wanavyuoni ambalo limo ndani ya maneno haya. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika risala akajuzisha picha za kamera, na hoja yake ni kuwa mpiga picha haumbi kitu bali anakizuia kivuli kilichokuwapo. Wako waliomkhalifu, na khitilafu hiyo ingalipo. Ukurasa huu si mahali pa kuiamua. Ninachotaka kionekane ni kuwa hoja ile inaikaa filamu barabara, kwani kivuli chenyewe ndicho kilichoigusa fedha na kuigeuza. Simu ikiongeza katika picha kitu ambacho hakikuwa mbele ya lenzi, je, hicho nacho ni kivuli kilichozuiwa? Mafakihi watasema. Lakini kuwa ni suala jipya, hilo halihitaji ufakihi kulitambua.

Sasa tuugeuze upande wa pili. Ni nani aliyesema filamu haikuongopa?

Filamu za rangi zilipotengenezwa Marekani zilipimwa kwa ngozi ya Mzungu. Wasafishaji walipelekewa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, nao waliiita Shirley, ili wazilinganishe rangi mpaka uso wa bibi yule utoke vizuri. Akitoka vizuri yeye, kazi imekwisha. Matokeo yake mtu mweusi akikaa pamoja na mweupe katika picha moja, uso wake ulitoka kama kaa, yakabaki macho na meno. Lorna Roth, mwalimu wa chuo kikuu huko Kanada, aliichapisha utafiti wake juu ya kadi hizo mwaka 2009, na ndani yake mna jambo la kusikitisha na kuchekesha kwa pamoja: msukumo mkubwa wa kuirekebisha filamu iweze kuonyesha rangi za kahawia ulitoka kwa wenye viwanda vya chokoleti na watengeneza samani, walionung'unika kuwa bidhaa zao hazionekani sawasawa. Nyuso za watu zilipata nafuu nyuma ya kabati na peremende. Inasimuliwa pia kuwa mtengeneza sinema wa Kifaransa, Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 alikataa kuitumia filamu ya Kodak kwa sababu hiyo hiyo. Basi yule anayeitazama picha ya harusi ya mama yake ya mwaka 1974 na kusema hivi ndivyo mama alivyokuwa, na aseme pole pole.

Dijitali nayo iliurithi ugonjwa huo, kwani waliozifundisha kamera ni wale wale. Ilikuwa mwaka 2021 ndipo Google ilipotoka na simu ya Pixel 6 ikitangaza kuwa imezifundisha upya kamera zake kwa nyuso za watu weusi. Katika jambo hili mimi naiona dijitali ni bora, kwa kuwa kosa la filamu lilimwagwa kiwandani pamoja na dawa, na kosa la simu hurekebishika.

Tena kuna uwongo wa makusudi. Ile picha maarufu ya Stalin akitembea kando ya mfereji wa Moscow mwaka 1937 alikuwamo Yezhov, mkuu wa polisi yake ya siri. Yezhov alipouawa mwaka 1940 akafutwa katika picha, mahali pake pakawekwa maji. Na kwetu je? Wenye studio walikuwa wakiichora negativu kwa ncha ya penseli kuondoa makovu ya ndui na mikunjo ya uso. Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa hodari wa kuziunganisha picha mbalimbali zikawa moja ndani ya chumba chake cha giza, na watu wakizipenda. Huo haukuwa udanganyifu, kwani kila aliyeitazama alijua kuwa ni mchezo wa fundi. Lakini unatuonyesha kuwa filamu ilikubali kuchezewa.

Tofauti basi ni nini? Tofauti ni kuwa uwongo wa filamu ulikuwa kazi, ukitaka fundi, dawa na siku nzima, na nyuma yake ikibaki negativu. Mwenye shaka angeweza kusema: nileteeni negativu. Ikiletwa, ikakwaruzwa, mikwaruzo inaonekana. Negativu ilikuwa kwa picha kama asli ya hati: nakala zote hurejeshwa kwake.

Wala si kweli kuwa dijitali haina asli. Kamera nzuri huweza kuiweka ile hesabu ya mwanga kama ilivyopokewa, kabla haijapikwa, na mpiga picha mwaminifu huihifadhi. Katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2015, waamuzi waliwataka washindani wazilete asli hizo, na takriban asilimia 20 ya picha zilizofika duru ya mwisho kasoro moja zikatolewa kwa kuwa zilikuwa zimeongezwa au kupunguzwa vitu. Mwezi wa Oktoba 2023 Leica ilitoa kamera, M11-P, ambayo hutia muhuri wake ndani ya picha tangu inapopigwa ili mabadiliko ya baadaye yajulikane. Dawa ipo. Lakini, ndugu msomaji, hapa ndipo lilipo neno langu lote: filamu ilimlazimisha mtu kuwa na asli, akitaka asitake, dijitali inamwachia achague mwenyewe. Na wangapi watachagua?

Tuuchukue mwezi, kwani ndio mfano ulio karibu nasi. Mwezi wa Machi 2023 mtu mmoja mwenye simu ya Samsung alifanya jaribio jepesi. Aliichukua picha ya mwezi, akaififiza mpaka likabaki doa jeupe lisilo na alama yoyote, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta, akazima taa, akasimama mbali chumbani na kulipiga picha doa lile kwa kulivuta karibu. Simu ikamletea mwezi wenye mashimo na mabonde yake. Mashimo hayo hayakuwamo katika doa. Simu ilikuwa imekwisha fundishwa mwezi ulivyo, ikamjazia. Kampuni yenyewe haikukana. Ilieleza kuwa simu ikiutambua mwezi huongeza alama zake, kwamba imefundishwa maumbo mbalimbali tangu mwezi kamili hadi mwezi mchanga, na kwamba mwenye simu anaweza kulizima jambo hilo.

Sikusema, wala sitaki nifahamike vibaya, kuwa simu huuzua mwezi katika mbingu tupu. Hilo halikuthibitishwa. Lakini fikiri juu ya mtu aliyesimama ufukweni jioni ya tarehe 29, upeo una utando wa mawingu, ameuvuta mbali kabisa kwa simu na kioo kikamwonyesha uzi mweupe. Zamani tungemwuliza yeye: umeuona kwa jicho lako? pembe zake zilielekea wapi? ulikuwa kushoto au kulia kwa jua lilipotua? Leo huonyesha kioo, na watu wakanyamaza kana kwamba kioo ni mtu mwadilifu. Kioo hakiulizwi kimeona nini na kimeongeza nini, na mwenyewe aliyekishika hajui. Picha ya filamu ingekuwa mbovu zaidi, pengine isingeonyesha chochote ila giza. Lakini isingeongeza.

Na insafu inatutaka tutaje upande mwingine. Tarehe 8 Julai 2013 Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi mchana, katika dakika ile ile ya kuzaliwa kwake, wakati ambao hakuna jicho la binadamu linaloweza kuuona. Alitumia kamera ya dijitali na chujio la mwanga usioonekana, akaueleza ulimwengu hatua kwa hatua alivyofanya. Dijitali hii si ya uwongo hata kidogo. Imeona zaidi ya jicho. Vyombo ni jamaa moja. Aliyevitumia mmoja amesema alivyofanya, na mwingine hajui kilichofanyika mkononi mwake. Kama muandamo wa namna hiyo unahesabika kuwa ni kuona, hilo ni la wenye elimu yake.

Sasa tuingie nyumbani, ambako jambo hili linauma zaidi.

Watu husema zamani picha za mabibi zilikuwa na sitara, na simu ndiyo iliyoivunja. Maneno haya yana nusu ya kweli. Capital Art Studio ya Zanzibar ilifunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na studio ya Parekh ya Mombasa mwaka 1942, na mabibi wa pwani walikuwa miongoni mwa walioziendea studio za namna hiyo wakiwa wamejipamba, ili picha apelekewe mume aliye safarini au dada aliyeolewa mbali. Aliyewatazama nyuma ya lenzi ni mwanamume wa kando. Aliyeisafisha filamu ni mwanamume wa kando. Bibi alipewa kopi yake, na negativu aghlabu zikabaki kwa mwenye studio, miaka na miaka. Leo picha nyingi za studio za pwani zimeingia katika vitabu na maonyesho ya Ulaya na Marekani, wageni wanazitazama na kuzisifu mapambo. Wataalamu waliozikusanya wamefanya kazi ya maana, siwakatai. Lakini yule bibi aliyempigia picha mumewe, ni nani aliyemwuliza?

Kwa upande huu simu ina fadhila ambayo filamu haikuwa nayo. Mwanamke anaweza kumpiga picha mwanamke mwenziwe, wakaitazama wawili, wakaifuta, asijue mwingine yeyote. Nasema hivi nikijua wako wasiopenda kusikia: kwa sitara, simu katika mkono wa mwenye tahadhari ni bora kuliko studio.

Lakini wenye tahadhari ni wachache, na filamu haikuwategemea wao. Filamu ilikuwa na picha 36, na kila moja ni pesa: ya kununua, ya kusafisha, ya kopi. Uchache huo ulikuwa mlinzi. Usiku wa kupamba zilipigwa picha kumi, zikatiwa albamu, albamu ikatiwa sandukuni, na aliyetaka kuziona alikuja nyumbani, akavua viatu, akaketi. Leo usiku mmoja hutoka na picha elfu. Nyumba nyingi zimeweka watu mlangoni wa kukusanya simu, na vizuri wamefanya. Ila picha zile zile anazopiga bibi mpiga picha aliyeajiriwa huenda kwake, zikahamia kompyuta yake, na simu ya bibi arusi nayo, pasipo yeye kubonyeza kitu, huzipeleka nakala katika ghala la kampuni ng'ambo, kisha zikajitokeza katika kioo kingine cha nyumba hiyo ambacho watoto na shemeji wanakichezea. Haikuwako khiyana hapo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Picha moja apelekewe shangazi Muscat kwa mapenzi, shangazi amwonyeshe binti yake, binti aitume kwa mashoga wawili, na kabla ya adhuhuri imekwisha fika kwa watu ambao bibi arusi hawajui hata kwa jina.

WhatsApp waliweka tangu Agosti 2021 njia ya kutuma picha itazamwe mara moja kisha ipotee. Njia hii ina faida kidogo, ila simu ya pili huweza kuipiga picha simu ya kwanza. Sheria nazo zipo: Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu 2019, na mwaka 2023 ofisi inayoisimamia iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao, Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Ni jambo jema. Lakini faini hulipwa picha ikisha toka, na iliyotoka haikusanyiki.

Kwa hiyo mwenye kumwajiri mpiga picha wa harusi na afanye kama ambavyo mwenye busara alikuwa akifanya zamani kwa kudai negativu zake. Kabla ya kulipa, waandikiane: picha zitakaa wapi, nani atazishika, lini zitafutwa katika kompyuta ya mpiga picha, na kuwa hatazitumia kutangazia kazi yake. Na simu ya bibi arusi izimwe ule uhamishaji wa wenyewe. Mambo haya hayachukui nusu saa, na wengi hawayafanyi kwa sababu tu chombo hakikuwalazimisha.

Imebaki khabari ya kudumu. Filamu adui yake ni pwani yenyewe: unyevu na joto, na ukungu unaokula ule utando ulioshika picha. Kopi za rangi za miaka ya 1970 nyingi zimekwisha geuka wekundu, ilhali zile nyeusi na nyeupe za kabla yake zingali imara. Tena filamu hutegemea viwanda: Kodachrome, filamu ya rangi iliyosifiwa kuliko zote tangu 1935, iliacha kusafishwa tarehe 30 Disemba 2010 katika duka la mwisho huko Kansas, na mwenye mkanda ambao hakuuwahisha hazipati tena rangi zake. Ama dijitali haichakai pole pole. Ipo yote au haipo yote. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kuwa picha na nyimbo zilizowekwa kwake kabla ya 2016 zimepotea. Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, aliwaonya watu Februari 2015 kuwa wenye picha wanazozithamini wazitoe katika karatasi, naye si mtu wa kushukiwa kuwa anaichukia kompyuta.

Basi kila mwaka zichagueni picha 36, idadi ya mkanda mmoja, mzitoe. Nyuma ya kila moja andikeni kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino kwani wino huvuja upande wa pili: jina la kila aliyemo na la baba yake, mtaa, na mwaka wa Hijria na wa miladi. Msiziweke katika albamu zile za gundi, maana gundi hiyo huila karatasi. Zitieni katika bahasha, na bahasha katika bati lenye kifuniko kinachokaza, kabatini, mbali na ukuta wa nje.